Namna ya Kugharimia Usafishaji wa Maji Machafu ya Migodi Iliyotelekezwa: Mwongozo Kamili

Mgodi unapofungwa, mitambo huondolewa, wafanyakazi hutawanyika na leseni hufutwa, lakini maji hayasimami. Huendelea kujaa katika mashimo na njia za chini ya ardhi, na humo hukutana na mwamba wenye pairiti, yaani madini ya chuma na salfa. Pale oksijeni inapofika, pairiti huvunjika na kutoa asidi pamoja na chuma kilichoyeyuka, na bakteria wanaopata nishati yao katika chuma hicho huharakisha kazi hiyo mara nyingi sana. Asidi nayo huyeyusha alumini, manganizi, zinki, shaba, na mahali pengine kadimi na aseniki, hadi mchanganyiko huo utokeze mtoni na kuacha tope la rangi ya chungwa juu ya mawe ambamo wadudu wa majini na samaki hawaishi tena.

Hali hiyo inaweza kuendelea kwa karne nyingi, na hapo ndipo ugharimiaji wa kazi hii unapoachana na ugharimiaji wa daraja au shule. Daraja likishajengwa, sehemu kubwa ya fedha imekwisha kutumika. Mtambo wa kusafisha maji ya mgodi ukishajengwa, matumizi ndiyo kwanza yanaanza. Kwa sababu hiyo mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya kamati za mabonde ya mito, serikali za mitaa, asasi za kiraia na maofisa wa mazingira, unashikilia kanuni moja tangu mwanzo hadi mwisho: fedha za kuendesha mtambo zitafutwe na kuwekewa utaratibu kabla ya jiwe la kwanza la ujenzi kuwekwa.

Hatua ya kwanza: pima maji kabla ya kupima fedha

Hakuna makadirio ya gharama yanayoweza kuaminika bila vipimo vya maji vilivyochukuliwa kwa muda usiopungua mwaka mzima, ili vijumuishe majira ya mvua na ya kiangazi. Kila mara pima vitu viwili kwa pamoja, yaani wingi wa maji yanayotoka na kiasi cha uchafu kilichomo. Maabara huwapa watu majibu mazuri kuhusu chuma, alumini, manganizi, salfeti, pH (kipimo cha ukali wa asidi, ambacho hushuka kadiri asidi inavyokuwa kali) na asidi, lakini wengi husahau kupima mtiririko siku ileile, na hapo majibu yote hubaki pambo la ripoti.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Zidisha lita zinazotoka kwa sekunde kwa miligramu zilizomo katika lita moja, kisha zidisha kwa 0.0864, na utapata kilo za uchafu kwa siku. Chemchemi ya lita 10 kwa sekunde yenye miligramu 50 za chuma kwa lita humwaga kilo 43.2 za chuma kila siku, ambazo ni karibu tani 16 kwa mwaka. Kama asidi ya maji hayohayo, ikipimwa kwa kulinganishwa na kalisi kaboneti kama maabara zinavyofanya, ni miligramu 300 kwa lita, basi kuna mzigo wa kilo 259 kwa siku. Kila kilo ya mzigo huo huhitaji takribani kilo 0.74 za chokaa iliyozimuliwa, kwa hiyo mtambo utatumia kilo 192 kwa siku, au tani 70 kwa mwaka, hata kabla ya kuhesabu chokaa inayopotea bila kuyeyuka. Mfadhili anayeona hesabu ya namna hii hujua kwamba anazungumza na watu wanaoufahamu mradi wao.

Kama bonde lina matundu mengi yanayovuja, yapange kwa mzigo wala si kwa sura. Tundu lenye rangi kali kando ya barabara linaweza kuwa na mzigo mdogo kuliko lingine lililojificha msituni, ambalo maji yake ni meupe pee kwa sababu yamejaa alumini na zinki badala ya chuma.

Hatua ya pili: mtafute mwenye dhima

Kabla ya kuomba ruzuku, hakikisha kwamba hakuna mtu anayepaswa kulipa kisheria. Kanuni ya mchafuzi kulipa imo katika sheria za mazingira za nchi nyingi, na wafadhili wengi wa umma hukataa kutoa fedha mpaka waone kwamba mgodi kweli hauna mwenyewe. Pitia daftari za leseni, ramani za zamani, hati za ardhi na kumbukumbu za msajili wa makampuni. Kampuni inayodhaniwa imekufa mara nyingi imenunuliwa, imeunganishwa na nyingine au imebadili jina, na mrithi wake anaweza kubeba wajibu wake. Uliza pia kama kuna dhamana ya ukarabati iliyowekwa serikalini wakati leseni ilipotolewa, na kama imekwisha kutumika.

Usitegemee sana dhamana hiyo. Mgodi wa dhahabu wa Summitville katika jimbo la Colorado, Marekani, uliachwa Desemba 1992 baada ya kampuni iliyouendesha kufilisika, na dhamana iliyokuwapo ilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama zilizofuata, ambazo zilipita dola milioni 150 na kuangukia fedha za umma. Kasoro ya dhamana nyingi ni kwamba zilikadiriwa kwa ajili ya kusawazisha ardhi na kupanda nyasi, bila kufikiria maji yatakayotoka baada ya hapo.

Kuna upande mwingine wa dhima ambao vikundi vya kujitolea huugundua wakiwa wamechelewa. Katika baadhi ya nchi, yeyote anayeyagusa maji hayo, hata kwa nia njema, anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwenye kuyamwaga na akadaiwa kuyafikisha katika viwango vya kisheria milele. Marekani iliihangaikia hofu hiyo kwa miongo kadhaa katika migodi ya madini ya metali, hadi Desemba 2024 ilipopitishwa sheria ya Wasamaria Wema inayoruhusu miradi ya majaribio isiyozidi 15 kufanywa na watu wasiohusika na uchafuzi bila kubebeshwa dhima yote. Mahali pasipo na ulinzi wa namna hiyo, mradi uwe wa taasisi ya serikali na asasi ibaki mshirika, au mkataba wa maandishi ueleze waziwazi nani anabeba nini. Gharama ya mwanasheria iingie katika bajeti ya kwanza kabisa.

Hatua ya tatu: chagua njia ya kusafisha kwa gharama ya uhai wake wote

Kuna njia za mitambo na kuna njia za asili. Njia za mitambo hutumia chokaa au soda kali, mashine za kuchanganya na mabwawa ya kutuamisha. Huweza kusafisha maji mabaya sana na mengi sana, lakini huhitaji umeme, kemikali na mwendeshaji kila siku. Njia za asili hupitisha maji katika mitaro ya mawe ya chokaa, mabwawa yenye tabaka za mboji na vinamasi vilivyotengenezwa, na gharama zake za kila mwaka huwa ndogo zaidi. Hata hivyo huhitaji ardhi kubwa, hushindwa pale mzigo unapozidi, na mawe yake hufunikwa na ganda la chuma au kuzibwa na alumini yasipopangwa ipasavyo.

Neno "asili" limewapotosha wengi wakadhani kwamba mfumo huo hauhitaji fedha baada ya kujengwa. Mboji huisha nguvu, mabomba huziba, tope hujaa, na baada ya miaka kadhaa, mara nyingi kati ya 10 na 25, tabaka zote hulazimika kubadilishwa. Kwa maoni yangu mifumo mingi ya aina hii iliyokufa haikuuawa na kemia, iliuawa na kukosekana kwa fungu la ukarabati katika mwaka wa kumi na mbili, wakati waliouanzisha mradi wameshahama na mfadhili ameshafunga faili.

Katika kulinganisha njia hizo, orodhesha mishahara, kemikali, umeme, vipimo vya maabara, bima, ulinzi, matengenezo ya barabara ya kufikia eneo, na kodi ya ardhi. Kisha orodhesha tope. Chuma kilichotolewa majini hakitoweki, kwani kila siku kinageuka tope linalopaswa kuchotwa, kukaushwa na kupelekwa mahali salama, na kama lina aseniki au kadimi huenda likahitaji dampo la taka hatari. Bajeti nyingi za mara ya kwanza hukosea hapa kuliko mahali pengine popote.

Hatua ya nne: kokotoa mtaji wa kudumu

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Swali lake ni hili: ni kiasi gani cha fedha kikiwekwa leo kitazaa faida ya kutosha kuendesha mtambo daima bila mtaji wenyewe kupungua thamani?

Anza na gharama ya mwaka. Tuseme ni dola 100,000. Kisha tafuta kiwango halisi cha faida, yaani faida inayobaki baada ya kuondoa mfumuko wa bei na ada za wasimamizi wa fedha. Ukigawanya gharama ya mwaka kwa kiwango hicho unapata mtaji. Kwa kiwango halisi cha asilimia 2.5, dola 100,000 kwa mwaka zinahitaji mtaji wa dola milioni 4.

Halafu ongeza ukarabati mkubwa. Tuseme kila baada ya miaka 25 sehemu zilizochakaa hubadilishwa kwa dola milioni 1. Chukua 1.025, izidishe kwa yenyewe hadi iwe nguvu ya 25, ondoa 1, kisha gawanya gharama ya ukarabati kwa jibu hilo. Utapata takribani dola milioni 1.17. Mtaji wote, mbali na fedha za ujenzi wa awali, ni dola milioni 5.17.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa viwango tofauti kabla ya kuipeleka kwa mtu yeyote. Kwa asilimia 4 mtaji unashuka hadi dola milioni 3.1, na kwa asilimia 1.5 unapanda hadi karibu dola milioni 8.9. Mtambo ni uleule na maji ni yaleyale, lakini dhana moja kuhusu soko la fedha imeufanya mradi uwe wa bei nafuu au wa kutisha. Ndiyo maana kampuni inayojadiliana kuhusu fidia hupenda kiwango cha juu, na ndiyo maana anayetetea mto hapaswi kukikubali bila ushahidi wa muda mrefu. Mahali ambapo mfumuko wa bei hupanda na kushuka sana, tumia kiwango cha chini na uweke akiba ya ziada ya dharura.

Kama huna mtaji wote, usikate tamaa, ila useme ukweli katika hesabu. Dola milioni 2 zikiachwa bila kuguswa kwa asilimia 2.5 halisi huchukua karibu miaka 28 kuongezeka maradufu. Katika muda huo wote gharama za uendeshaji zitoke kwingine, na hicho kipindi cha katikati ndicho kinachohitaji ahadi ya maandishi kutoka serikalini au kwa mchangiaji mwingine.

Ujerumani imeonyesha jinsi hesabu hii inavyoweza kufanywa kwa ukubwa wa taifa. Taasisi ya RAG-Stiftung ilianzishwa mwaka 2007, zaidi ya miaka kumi kabla ya migodi ya mwisho ya makaa ya mawe magumu kufungwa mwishoni mwa 2018, ikapewa hisa katika kampuni ya kemikali ya Evonik na muda wa kukuza mtaji. Tangu 2019 inagharimia kile kinachoitwa huko kazi za milele, zikiwamo kupampu maji ya migodi na kuyasafisha. Waliokuwa na busara hiyo waliianza wakati sekta ingali hai, nafasi ambayo wenye migodi iliyokwisha kutelekezwa hawanayo.

Hatua ya tano: unganisha vyanzo vya fedha

Chanzo kimoja mara chache hutosha, na kila chanzo kina tabia yake.

Chanzo kinachotegemeka zaidi ni tozo inayokatwa kwa sekta inayoendelea kuchimba. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 kuhusu uchimbaji wa makaa ya mawe ilianzisha ada kwa kila tani inayochimbwa, wakati huo senti 35 kwa tani ya mgodi wa wazi na senti 15 kwa tani ya mgodi wa chini ya ardhi, kwa ajili ya kukarabati migodi iliyoachwa kabla ya sheria hiyo. Baadaye majimbo yaliruhusiwa kuweka hadi asilimia 30 ya mgao wao wa mwaka katika akaunti yenye riba kwa ajili ya kusafisha maji. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilipoongeza takribani dola bilioni 11.3 kwa miaka 15, fedha hizo mpya hazikuwa na ruhusa hiyo, na mwishoni mwa 2022 Bunge lililazimika kupitisha sheria nyingine ili zipate kuwekwa akiba. Mafunzo ni bayana kwa yeyote anayetunga au kuomba tozo: kifungu cha kuruhusu akiba ya muda mrefu kiandikwe tangu mwanzo, la sivyo fedha nyingi zitamwagwa katika ujenzi na mitambo itabaki bila chokaa. Udhaifu wa tozo ni kwamba mapato hupungua uchimbaji unapopungua, ilhali maji hayapungui.

Bajeti ya serikali hufaa pale inapofungwa na lengo la kisheria. Uingereza ina taasisi ya umma, ambayo hadi 2024 iliitwa Coal Authority, inayoendesha mitambo mingi ya maji ya migodi kwa fedha za hazina, na England imejiwekea kisheria lengo la kupunguza kwa nusu urefu wa mito iliyochafuliwa na metali za migodi iliyoachwa ifikapo mwisho wa 2038. Lengo lenye tarehe humpa ofisa hoja mbele ya wizara ya fedha kila mwaka. Kinyume chake, bajeti inayotegemea huruma baada ya ajali huja kwa kuchelewa na kwa bei kubwa. Mgodi wa bati wa Wheal Jane huko Cornwall ulifungwa, pampu zikasimama, na Januari 1992 mamilioni ya lita yalifumuka hadi kwenye mlango wa mto Fal. Tangu hapo umma unalipia usafishaji ambao ulitabirika.

Makubaliano na kampuni zenye dhima yanaweza kuambatana na bima. Katika mgodi wa Iron Mountain, California, ambao maji yake yamewahi kupimwa pH ya chini ya sifuri, makubaliano ya mwaka 2000 yaliweka mkataba wa bima wa kulipia uendeshaji kwa miaka 30, na malipo ya mkupuo ya dola milioni 514 mwaka 2030. Mpango wa aina hii huihamishia kampuni ya bima hatari ya gharama kupanda, lakini usome masharti ya kikomo kwa makini, kwa sababu bima nyingi hufika ukomo palepale gharama zinapoanza kuuma.

Ruzuku za wahisani, mashirika ya maendeleo na mifuko ya mazingira hufaa kwa vipimo, usanifu na ujenzi, mara chache kwa uendeshaji. Mkopo uombwe tu pale panapokuwa na mapato ya kuulipa.

Hapo ndipo linapokuja suala la kuuza kinachotoka. Katika eMalahleni, Afrika Kusini, mtambo uliofunguliwa 2007 na kampuni za makaa ya mawe husafisha maji ya migodi hadi kiwango cha kunywa na kuyauza kwa manispaa yenye uhaba wa maji. Mahali pengine oksidi ya chuma huuzwa kama rangi, na katika mji wa Gateshead, England, joto la maji ya migodi hupasha nyumba moto. Mapato haya ni ya kweli, ila yaingizwe katika hesabu kama nyongeza. Andiko la mradi linalodai kwamba rangi au madini adimu yatalipia kila kitu humtia shaka mfadhili mwenye uzoefu, na kwa haki. Mtambo wa eMalahleni ulifaulu kwa sababu kampuni zilikuwa na wajibu wa kisheria wa kusafisha hata kama maji yasingenunuliwa.

Hatua ya sita: andika ombi linalosomeka kama mpango wa miaka hamsini

Andiko lianze na mzigo wa uchafu kwa kilo na urefu wa mto utakaofufuka, kisha lieleze njia iliyochaguliwa na kwa nini nyingine zimeachwa. Jedwali la gharama litenganishe ujenzi, uendeshaji wa mwaka, ukarabati mkubwa na tope. Kila mstari wa gharama uonyeshe nani ameahidi kuulipa na kwa hati gani, na mstari usio na mlipaji uachwe wazi mbele ya msomaji badala ya kufichwa chini ya kichwa cha "mengineyo".

Omba kwa awamu. Ombi la kwanza, dogo, liwe la vipimo na upembuzi yakinifu. La pili liwe la usanifu na vibali. La ujenzi lije la tatu, likiwa na sharti kwamba fedha hazitatolewa mpaka akaunti ya uendeshaji iwe imefunguliwa na kupata kiasi kilichokubaliwa. Wapo watakaoliona sharti hilo kama kujifunga mikono. Kwa kweli linakupa nguvu, kwani linamlazimisha mwanasiasa anayetaka kukata utepe achangie kwanza kile kisichopigwa picha.

Hatua ya saba: jenga chombo cha kutunza fedha

Fedha za uendeshaji zisikae katika akaunti ya kawaida ya halmashauri au asasi, ambako upungufu wa mwaka mmoja utazimeza. Zikae katika wakfu au mfuko wa udhamini wenye hati inayotaja mtambo husika, yenye bodi ya wadhamini ambamo serikali, wakazi wa bonde na mtaalamu wa fedha wana viti, na inayokataza matumizi mengine yoyote. Hati iseme pia mfuko utakwenda kwa nani endapo asasi itavunjwa.

Kanuni ya kutoa fedha iwe hivi: faida ya mwaka kwanza irudishe thamani iliyoliwa na mfumuko wa bei, kisha ijaze akiba ya dharura ya gharama za miaka miwili, na ndipo kinachobaki kilipe uendeshaji. Fungu la ukarabati mkubwa litengwe katika akaunti yake. Hesabu zikaguliwe na mtu wa nje kila mwaka, na ripoti ya fedha itoke pamoja na vipimo vya maji juu na chini ya mtambo, ili mchangiaji aone kwa ukurasa mmoja shilingi iliyotumika na kilo ya chuma iliyozuiwa.

Kila baada ya miaka mitano rudia hesabu ya hatua ya nne kwa takwimu mpya. Mzigo wa uchafu unaweza kupungua, kwa kuwa maji ya mgodi uliojaa mara nyingi huwa mabaya zaidi katika miaka ya mwanzo kisha huboreka taratibu, na mfuko ukawa na ziada ya kuhudumia tundu la pili katika bonde hilohilo. Unaweza pia kukuta pengo. Hati ya mfuko itamke mapema kwamba pengo likizidi asilimia iliyokubaliwa, wadhamini watalazimika kuarifu serikali na wachangiaji kwa maandishi ndani ya siku 90, wakiambatisha mpango wa kulijaza na tarehe ambayo akiba ya chokaa iliyopo itakwisha.